Somo Hufuata Bei: Intaneti ya Simu na Elimu Afrika Mashariki, 1973–2024

Historia ya intaneti ya simu katika Afrika Mashariki huandikwa zaidi kwa kuhesabu minara, mikongo na laini zilizosajiliwa. Hesabu hizo zina maana yake, ila hazimjibu mzazi aliyenunua bando ili mwanawe asome: je, mtoto amejifunza kitu? Makala hii inaifuata historia hiyo kwa upande wa mwanafunzi, tangu enzi za redio hadi mikongo ya baharini ilipokatika mwaka 2024. Kipindi baada ya kipindi, teknolojia ilitangulia kufika na elimu ikachelewa. Elimu ilifika pale tu gharama iliposhuka hadi kiwango cha mfuko wa mwananchi wa kawaida, na mtu akaketi kuandaa somo linalofaa kifaa ambacho mwananchi huyo tayari alikuwa nacho.

Redio na vikundi vya kusoma: 1973–1993

Kujifunza kwa vyombo vya mawasiliano hakukuanza na simu. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, iliyowafundisha watu kujikinga na malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine yaliyokuwa yakiua vijijini. Redio ndiyo ilikuwa sauti ya kampeni, lakini haikuachiwa kazi yote. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walipewa mafunzo kwanza, vijitabu vya Kiswahili chepesi vikachapwa na kusambazwa, na kwa majuma 12 watu wazima takriban milioni 2 walikutana kusikiliza kipindi, kusoma sura ya kijitabu, kujadiliana na kuamua la kufanya kijijini kwao. Vyoo vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa, vichaka vikafyekwa.

Kampeni ile ilifaulu kwa sababu ilikamilika pande zote: chombo kilichokwisha kuzoeleka kijijini, somo lililoandikwa kwa lugha ya msikilizaji, na mtu wa kuongoza mazungumzo. Udhaifu wa redio ni kwamba inasema tu, haisikii. Mkulima mwenye swali alilipeleka kwa kiongozi wa kikundi, na kiongozi akishindwa, swali liliishia hapo. Simu za mezani zilikuwa chache mno kuziba pengo hilo, na aliyeomba kuunganishiwa laini aliweza kungoja kwa miaka.

Simu ya wenye nacho: 1994–2002

Mlango ulifunguliwa na sheria kabla ya mitambo. Mwaka 1994 Tanzania ililigawa shirika lililokuwa likiendesha posta na simu kwa pamoja, ikaundwa TTCL upande wa simu, na mwaka huohuo Mobitel ikaanza kutoa huduma ya simu za mkononi. Kenya ilichukua hatua ya namna hiyo mwaka 1999. Mwaka 2000 Vodacom iliingia Tanzania, na nchini Kenya Safaricom na Kencell zikaanza kugombea wateja. Ushindani huo ndio ulioitoa simu mikononi mwa wakubwa wa serikali na wafanyabiashara wachache.

Intaneti nayo ilikuwapo, ila ilipita angani. Ukanda wote ulitegemea setilaiti, na setilaiti ilikuwa ghali kupita kiasi. Barua pepe kutoka ofisi moja ya Nairobi kwenda ofisi ya mtaa wa pili, ikiwa ofisi hizo zinatumia watoa huduma tofauti, ilipelekwa ng'ambo kisha ikarudi, na safari zote mbili zililipiwa kwa fedha za kigeni. Watoa huduma wa Kenya walipochoshwa na hali hiyo, mwishoni mwa mwaka 2000 walianzisha kituo cha kubadilishana mawasiliano humohumo nchini, kiitwacho KIXP. Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na mdhibiti wa mawasiliano akakifunga kituo muda mfupi baada ya kufunguliwa. Kilirejea Februari 2002 baada ya mvutano mrefu. Dar es Salaam ilipata kituo chake mwaka 2004. Vituo hivyo havijulikani sana, lakini vilianzisha kanuni ambayo umuhimu wake ungeonekana miaka 20 baadaye: kilicho chetu kihifadhiwe na kupitishwa humuhumu kwetu.

Vyuo vilijitahidi kwa njia zilizokuwapo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kiliwafundisha watu waliokuwa kazini na mbali na miji kwa vitabu na vituo vya mikoani. African Virtual University, iliyoanza mwaka 1997 kama mradi wa Benki ya Dunia na kuhamia Nairobi mwaka 2002, ilirusha mihadhara kwa setilaiti hadi kwenye kumbi za vyuo shiriki. Mwanafunzi ilimbidi afike ukumbini, na afike saa ya mhadhara. Aliyeishi Kigoma au Turkana hakupata kitu.

Vocha, tochi na ujumbe mfupi: 2003–2008

Mwaka 2003 Nokia ilitoa simu ya 1100: tochi kichwani, betri ya siku kadhaa, kibodi iliyofunikwa ili vumbi lisipenye. Dunia nzima ilinunua zaidi ya simu milioni 250 za aina hiyo. Haikuwa na intaneti hata kidogo. Hata hivyo, simu za jamii hiyo, zile zinazoitwa vitochi Tanzania na mulika mwizi Kenya, ndizo zilizowafundisha mamilioni ya watu kusoma kwenye kioo, kuandika ujumbe na kukwangua vocha ya bei ndogo kadiri ya uwezo wa siku.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa, na mwaka uliofuata huduma hiyo ikavuka mpaka kuingia Tanzania. Kwa elimu, M-Pesa ilifanya mambo mawili. Ilimzoesha mtu asiyewahi kugusa kompyuta kufuata menyu, kuchagua namba, kuthibitisha na kusubiri jibu. Pia ilifungua njia ya kulipa shilingi chache kwa mara moja, ikiwemo karo. Baada ya hapo, somo la simu lingeweza kuuzwa kwa bei ya andazi na bado aliyeliandaa akapata cha kuendeshea kazi yake. Wakati huohuo mitandao ya 3G ilianza mijini, lakini mawasiliano yake yote na dunia bado yalipitia setilaiti. Barabara zilipanuliwa mjini huku daraja la kutokea likiwa ni lilelile jembamba.

Mikongo chini ya Bahari ya Hindi: 2009–2011

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa pwani kubwa za mwisho duniani kufikiwa na mkongo wa mawasiliano wa baharini. Chanzo cha ucheleweshaji kilikuwa mabishano zaidi kuliko ufundi. Mradi wa mkongo wa EASSy ulizungumzwa tangu mwaka 2003, lakini serikali na kampuni za simu zilivutana kwa miaka kuhusu nani aumiliki na nani apange bei. Kenya ikaamua kutosubiri. Kwa kushirikiana na kampuni ya Etisalat ya Falme za Kiarabu na kampuni za simu za nyumbani, ikaanzisha mkongo wake, TEAMS, kutoka Fujairah hadi Mombasa. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu mkuu wa wizara ya habari na mawasiliano, alikuwa mmoja wa wasukumaji wake wakuu.

Juni 2009 mkongo huo ulipokewa Mombasa na Rais Mwai Kibaki. Tarehe 23 Julai mwaka huohuo SEACOM, mradi wa wawekezaji binafsi, ukaanza kazi ukiwa na vituo Dar es Salaam na Mombasa. EASSy yenyewe, yenye urefu wa takriban kilomita 10,000 kutoka Afrika Kusini hadi Sudan, ikafuata mwaka 2010. Ndani ya mwaka mmoja na kitu, ukanda usiokuwa na mkongo hata mmoja ulikuwa na mitatu inayoshindana. Tanzania ilianza kujenga Mkongo wa Taifa mwaka 2009. Ulipozidi kilomita 7,000 ulikuwa umefika mikoani na mipakani, ukizihudumia hata nchi jirani zisizo na bahari.

Mkongo peke yake haukumfikia mwanafunzi. Kilichoufikisha kwake ni maamuzi mengine ya bei. Juni 2009 Kenya iliziondolea simu za mkononi kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mwaka 2010 kampuni ya simu ya Zain ilishusha gharama ya kupiga simu kwa nusu, na wenzake wakalazimika kufuata. Mwaka 2011 Safaricom ikaleta Huawei IDEOS, simu janja ya Android kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya, bei ambayo mwalimu au kijana wa bodaboda angeweza kuidunduliza. Vifurushi vya siku vikazaliwa. Mwaka 2013, sheria mpya ya kodi nchini Kenya ikairudisha kodi ile juu ya simu, na mzigo ukarudi kwa mnunuzi.

Dalili ya kwanza kwamba shule imeingia kwenye simu ilionekana siku za matokeo. Zamani mtahiniwa alisafiri hadi shuleni kutazama karatasi iliyobandikwa ukutani. Sasa ukurasa wa Baraza la Mitihani la Tanzania ulifunguka kiganjani: jina la shule juu, chini yake safu ya namba za watahiniwa, jinsia, jumla ya pointi, daraja, kisha masomo yote kwa vifupisho, kila moja na herufi yake, CIV, HIST, GEO, KISW. Simu moja ilizungukwa na watu watano au sita, kidole kikishuka namba moja moja. Mtandao ulikuwa umeanza kuleta matokeo ya mwisho wa masomo. Masomo yenyewe ulikuwa bado kuyaleta.

Tatizo lilikuwa yaliyomo. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003 na kukua kwa jasho la watu wachache wa kujitolea. Mwaka 2009 na 2010 Google iliendesha shindano la kuandika makala za Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo wa Kenya na Tanzania. Makala ziliongezeka haraka, zawadi zikatolewa, kisha wengi wa waandishi hao wapya hawakuendelea. Kuandika maarifa kwa lugha ya wasomaji ni kazi ya miaka, na inahitaji watu wanaolipwa kuifanya.

Somo laingia kwenye ujumbe mfupi: 2011–2016

Waliotatua tatizo hilo kwanza hawakusubiri simu janja zienee. Nchini Kenya, Kago Kagichiri na Toni Maraviglia walianzisha mwaka 2011 huduma iliyoitwa MPrep, ambayo baadaye ikawa Eneza Education. Walilisanifu somo lao kwa ajili ya kitochi. Ujumbe mfupi mmoja unabeba herufi 160 tu, pamoja na nafasi. Ndani ya nafasi hiyo mwalimu alipaswa kueleza wazo moja, kuuliza swali moja na kutoa majibu ya kuchagua. Mfano wa swali la hesabu la aina hiyo ni huu: "Namba ipi inagawanyika kwa 3? A) 14 B) 21 C) 25". Mtoto anajibu B, na papo hapo anaambiwa amepata, na kwa nini. Akijibu A, anaelezwa kwamba ajumlishe 1 na 4, aone kama jumla inagawanyika kwa 3, kisha ajaribu tena. Mwenye swali la ziada aliweza kulituma na kujibiwa na mwalimu halisi. Upungufu wa redio ulikuwa umepata dawa.

Tanzania nayo ilikuwa na yake. Mwaka 2013 Faraja Nyalandu alianzisha Shule Direct, iliyoweka mtandaoni masomo ya sekondari kwa kufuata mtaala wa nchi. Mwaka huohuo lilianzishwa shirika la Ubongo, na Januari 2014 katuni yake ya Ubongo Kids ikaanza kurushwa na televisheni ya taifa. Wahusika waliimba hesabu na sayansi kwa Kiswahili, kisha wakamuuliza mtazamaji swali ambalo alilijibu kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya mzazi. Televisheni na kitochi vilishirikiana kufanya kile ambacho kimoja kisingeweza.

Huko kwenye kambi za wakimbizi, Vodafone Foundation na UNHCR zilianza mwaka 2013 kufungua madarasa ya Instant Network Schools, kila moja na umeme wa jua, tableti na intaneti ya pamoja. Yalianzia Dadaab nchini Kenya, kisha yakafika Kakuma, na Nyarugusu nchini Tanzania, ambako wanafunzi wengi walikuwa watoto wa Wakongo na Warundi. Hapo mtandao mmoja ulihudumia darasa zima chini ya mwalimu aliyepewa mafunzo.

Mradi mkubwa wa serikali ulikwenda polepole zaidi. Mwaka 2013 Kenya iliahidiwa kompyuta pakato kwa kila mtoto anayeanza shule. Vifaa vilianza kutolewa mwaka 2016, vikiwa tableti, na hatimaye zaidi ya milioni moja vilisambazwa. Kabla ya hapo ilibidi shule nyingi zivutiwe umeme na walimu wafundishwe. Umeme huo ulibaki kuwa faida ya kweli, lakini vifaa vilivyotangulia maandalizi ya walimu vilifungiwa kabatini katika shule nyingi.

Vijiji vya Tanga: 2017–2019

Jaribio lililoeleza mengi kuliko yote lilifanyika mkoani Tanga, na halikutumia intaneti kabisa. Taasisi ya XPRIZE, kwa fedha zilizotolewa na Elon Musk, ilitangaza mwaka 2014 shindano la kutengeneza programu ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani ndio waliosaidia jaribio lenyewe kufanyika. Programu 5 zilizofika fainali ziliwekwa kwenye tableti zilizotolewa na Google na kugawiwa kwa watoto karibu 3,000 katika vijiji vipatavyo 170.

Wengi wa watoto hao hawakuwahi kukanyaga darasani. Mwanzoni, zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mtoto alikabidhiwa tableti na kwenda nayo nyumbani. Chaji ikiisha aliipeleka kwenye kituo cha umeme wa jua cha kijiji chake. Akifungua kioo, alikutana na sauti ya Kiswahili iliyomwita, ikamwonyesha herufi, ikamtaka aifuatishe kwa kidole. Akikosea, sauti ilirudia polepole bila kugomba, mara kumi ikibidi. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno ilikuwa imepungua kwa nusu. Mei 2019 zawadi kuu ya dola milioni 10 iligawanywa sawa kati ya programu mbili, Kitkit School na onebillion, na programu zote 5 zikaachiwa umma kuzitumia bure.

Matokeo hayo yanasomeka pande mbili. Somo zuri la Kiswahili, lililotengenezwa kwa subira, lina nguvu kubwa hata pasipo mtandao. Na nusu iliyobaki bila kujua kusoma inathibitisha kwamba kifaa kizuri kuliko vyote hakitoshi kuchukua nafasi ya mwalimu.

Shule zafungwa: 2020–2022

Machi 2020 korona ilifunga shule katika nchi zote za ukanda huu kasoro chache. Tanzania ilifunga tarehe 17 Machi na kufungua shule zote mwishoni mwa Juni. Nchini Kenya baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, na watoto wote walirudi Januari 2021. Uganda ilifungua kikamilifu Januari 2022, baada ya takriban miezi 22, kipindi kirefu kuliko cha nchi yoyote duniani.

Kila kilichowahi kujaribiwa kiliitwa kazini kwa mkupuo. Taasisi ya mitaala ya Kenya ilirusha vipindi kwa redio, televisheni na YouTube. Taasisi ya Elimu Tanzania iliweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, mtu asome bure. Walimu walifungua makundi ya WhatsApp, wakapiga picha za ubao na kurekodi maelezo kwa sauti. Julai 2020 Safaricom na Google zilianza mpango wa kulipia simu ya 4G kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Mwezi huohuo maputo ya Loon, yaliyoelea angani kwa urefu wa kilomita 20, yakaanza kurusha intaneti ya Telkom Kenya juu ya sehemu zisizo na minara. Januari 2021 mradi wa Loon ulifungwa kwa sababu haukulipa. Mpango wa shilingi 20 uliendelea.

Hapo ndipo tofauti za nyumba kwa nyumba zilipoonekana. Simu janja ya nyumbani ni ya baba au mama, na mchana iko naye kazini. Inarudi jioni, chaji imebaki kidogo, watoto watatu wa madarasa matatu wanaisubiri, na mara nyingi binti ana vyombo vya kuosha kwanza. Nchini Uganda, kodi ya shilingi 200 kwa siku iliyotozwa tangu 2018 kwa kila mtumiaji wa WhatsApp na mitandao mingine ya kijamii iliendelea kwa zaidi ya mwaka mmoja wa shule kufungwa. Ilipoondolewa Julai 2021, nafasi yake ilichukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data, isipokuwa data ya huduma za tiba na elimu. Msamaha huo ulikuwa mara ya nadra kwa sheria ya kodi ya ukanda huu kukiri kwamba bando la mwanafunzi ni daftari lake.

Mikongo inakatika: 2023–2024

Baada ya janga, njia ziliongezeka. Mwaka 2023 huduma ya intaneti ya setilaiti ya Starlink ilianza kuhudumia Rwanda na Kenya, na Oktoba mwaka huo kiwanda cha kuunganisha simu janja kilizinduliwa Athi River nchini Kenya, simu yake ya bei ya chini ikiwa takriban shilingi 7,500 za Kenya. Kisha, Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja karibu na Afrika Kusini. Intaneti ilidorora katika nchi kadhaa, na Tanzania iliumia zaidi kwa kuwa ilitegemea sana mikongo hiyo miwili. Video za masomo zilizohifadhiwa ng'ambo hazikufunguka. Ujumbe mfupi, ambao hauhitaji kuvuka bahari, uliendelea kwenda na kurudi. Ile kanuni ya KIXP ilikuwa imethibitishwa kwa njia ngumu.

Maamuzi yanayosubiriwa

Miaka 50 hii inaonyesha kwamba hatua kubwa za elimu kwa simu zilitokana na maamuzi ya watu: kufuta kodi, kuruhusu ushindani, kuuza kidogo kidogo, kuandika somo la herufi 160, kurekodi sauti ya Kiswahili kwa mtoto wa Tanga. Maamuzi yaliyobaki nayo yanajulikana. Vitabu vya kiada vilivyokwisha kulipiwa na umma vifunguke kwenye kila mtandao bila kukatwa data, na vihifadhiwe kwenye mitambo iliyomo nchini. Mwanafunzi wa Tanzania anayetoka darasa la saba kwa Kiswahili na kuingia kidato cha kwanza kwa Kiingereza aandaliwe masomo ya simu yanayomvusha kati ya lugha hizo mbili, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotelea. Shule zinazokataza simu, na zina sababu za kukataza, ziwe na tableti za pamoja chini ya mwalimu, kama zilivyofanya kambi za wakimbizi zenye uwezo mdogo zaidi. Na bajeti ya kila mradi wa vifaa itenge fedha za waandishi wa masomo na mafunzo ya walimu kabla ya kununua kifaa cha kwanza. Mikongo tunayo, minara tunayo, na simu zinazidi kushuka bei. Serikali na kampuni za simu hazina tena sababu ya kumwacha mtoto anunue bando na kukuta hakuna somo.